Bei ya Wenyeji

Kibao kimepigiliwa kwenye nguzo ya gati,
rangi ya buluu, herufi zimelegezwa na mvua:
WAGENI MIA NANE, WENYEJI MIA TATU.
Nikatoa mia nane kama wenzangu wa chama,
kumi na mmoja tuliotoka Nakuru kabla ya jogoo
na mikate, na chupa za chai, na Gichuhi
aliyetangaza tangu Londiani kwamba hajui kuogelea.

Musumba, mwongozaji wetu, akatugawia jaketi za kuelea.
Langu lina namba kumi na nne kifuani
na mgongoni muhuri wa msaada, umefifia,
wa mwaka ule ambao halikuvaliwa kwa matembezi.

"Saa moja na nusu," akasema. "Mto hauharakishwi."
Akachoma upondo topeni, mtumbwi ukateleza,
na Nzoia, ambao huko juu ni mto mmoja wenye jina,
ukaanza kugawanyika vidole,
kila kidole kikilipapasa ziwa kwa njia yake.

Akatuonyesha mdiria; mdiria akatupa mgongo.
Akatuonyesha yangeyange juu ya gugumaji,
mweupe kama karani siku ya kwanza ya kazi.
Akasema kamongo huweza kulala topeni kiangazi kizima
akingoja mvua kama mkopaji anavyongoja msamaha,
nasi tukacheka, maana mikopo ndiyo kazi yetu.
Bi Chelagat akauliza kama kamongo ana mdhamini.

Kisha mkondo ukabana. Mafunjo huku, mafunjo kule,
vichwa vyao vya nyuzi vikisugua anga.
Na pale konani, Musumba hajafungua kinywa,
kichwa changu kikainama chenyewe.
Tawi la mkuyu likapita juu yetu.
"Inameni!" akasema, amechelewa kwa pumzi moja;
Gichuhi lilikwisha kumkwaruza sikio.
Musumba akanitazama.
Akautazama upondo wake.
Hakuuliza.

"Upande wa kushoto," akaendelea,
sauti imeshuka ngazi moja,
"palikuwa na kijiji. Tuta lilipasuka usiku.
Watu wakahama, mto ukakaa."
Simu zikainuliwa, yakapigwa picha mafunjo.

Mimi nilikuwa nikitafuta kwa macho
mafiga matatu ya bibi yangu Nabwire,
ukuta alioukandika kwa samadi na jivu kila Jumamosi,
kizingiti kilichovunjika
alichosema atakirekebisha baada ya mavuno.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilibebeshwa kuku mtetea,
nikaambiwa nisimwachilie, na sikumwachilia,
hata mkono ulionishika mimi ulipoachia.
Juu ya tuta walituhesabu kwa tochi,
wakatuhesabu tena,
hesabu ikakataa.

Kiboko akapumua mahali fulani. Wote wakageukia huko.
Namshukuru kiboko.

Gatini Musumba akatugusa bega mmoja mmoja.
"Kumi na mmoja. Mmekamilika."
Wenzangu wakaiendea mikate,
Gichuhi akisimulia ajali yake kana kwamba sisi hatukuwepo.
Nikabaki nyuma na vifungo vya namba kumi na nne,
vidole vimegoma.
Akaja, akavifungua, akalitundika jaketi msumarini.
Kisha akatia mkono mfukoni,
akahesabu noti taratibu, mia, mia, mia mbili, mia,
akazikunja ndani ya kiganja changu.

"Wenyeji ni mia tatu," akasema,
akageuka kuyakumba maji
yaliyoingia mtumbwini.