Tundu la Gredi ya Tatu

Masika yakigonga mabati
Mwalimu Nasimiyu huweka chaki chini:
saba mara nane itangoja.

Dawati la Mutheu lilisogezwa,
na pale lilipokuwa, penye tone,
tukapanga mikebe ya maharagwe,
kila mkebe na jina la mwenyewe.

Jumamosi wazazi wakaja,
matope ya Dagoretti hadi magotini.
Baba Kerubo juu ya ngazi, kopo la lami mkononi,
mpishi wa uji akiishikilia ngazi, akimcheka.
Tundu likazibwa. Tukapiga makofi.

Jumatatu ikanyesha tena,
sakafu kavu.
Mutheu akatazama juu, akatazama mikebe,
akaomba ruhusa,
akarudi na maji ya mvua viganjani
yakivuja njia nzima.