Figa la Tatu

Anzori alisimamisha gari mara tatu:
ya kwanza ng'ombe, ya pili jiwe,
ya tatu akashuka kutapika, akasingizia jibini.
Nami nimekikumbatia kinasa sauti kama mtoto mwenye homa,
betri nne mfukoni,
na barua ya Chuo inayoeleza mimi ni nani.

Svaneti, mwisho wa Septemba.
Kila nyumba ina mnara wa mawe
wa enzi ambazo majirani waliviziana.
Siku hizi minara inatunza nyasi kavu.

Maguli na wifi yake Tsiuri
wananitazama kama wanaonipimia nguo.
Barua hawaisomi. Zeze linaning'inia karibu na jiko,
ngozi imelegea kwa unyevu.
"Likikoroma hivi," asema Tsiuri, akiugusa uzi wa singa za farasi,
"kesho mvua."
Basi tunasubiri likauke. Tunakula viazi.
Tunasubiri tena.

Naomba ule wimbo wa duara, wa kuchezwa mkono begani.
Wanatazamana.
Sauti zake ni tatu, kama mafiga.
Ya chini ilikuwa ya Besarioni,
na Besarioni walimzika Machi,
pale, nyuma ya mtufaha.

Nikafunga daftari. Nikasema poleni,
nitajaribu kijiji cha pili.
"Kwani wewe huna koo?" akauliza Tsiuri.

Kazi ya figa la tatu haina makuu:
"o" moja, ndefu,
usiyumbe wenzako wakipanda.
Wakaniweka katikati, mikono yao ya kukamulia
mizito mabegani mwangu,
kulia, kulia, kushoto, rudi.
Nikayumba. Chungu kikamwagika.
Nikayumba tena.
Mara ya tatu kikakaa, sijui kwa muda gani.
Maguli aliimba amefumba jicho moja,
kama mtu anayelenga shabaha.

Tbilisi, chumba namba kumi na moja.
Profesa anavua miwani.
"Rekodi nzuri. Ila huyu wa chini ni nani?
Anaharibu. Huwezi kumfuta?"

Narudisha nyuma, nasikiliza.
Kuni zinapasuka. Mvua imefika, kama zeze lilivyosema.
Na chini kabisa mtu anatetemeka,
amepakaa mahali pa marehemu
bila kujua aweke wapi miguu.

Namwambia mashine hii haina kitufe hicho.