Saa ya Jikoni

Kutoka O'Hare hadi Heathrow ni maili elfu tatu mia tisa na ushei.
Tiketi haisemi hivyo. Tiketi husema saa saba na dakika hamsini,
kana kwamba bahari ni foleni ya benki.

Mimi nina hesabu yangu.
Jikoni kwangu, Barabara ya Devon,
mshale mfupi ukigusa sita nasoma nilivyofundishwa:
kumi na mbili, kumekucha.
Na huko Hounslow, kwenye saa ya mwanangu Mwanahawa,
mshale umesimama juu kabisa, penye kumi na mbili.
Miaka tisa naishi hivi:
nikiitamka saa ya Chicago kwa Kiswahili
nimekwisha kuvuka Atlantiki, bila pasipoti.

Kisha Machi huja na ukorofi wake.
Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili moja,
Waingereza hungoja wiki mbili, pengine tatu,
na lugha yangu inapungukiwa saa nzima.
Mwaka huu nikagoma. Saa ya jikoni sikuigusa.
Nikachelewa dukani siku nne mfululizo.
Bwana Kowalczyk, mikono imejaa suti za watu,
akauliza kama kwetu hakuna saa.
Zipo, nikamwambia, ila zinaanza na jua.

Usiku wa siku ya nne mtoto akazaliwa.
Simuni sauti ya Mwanahawa kama uzi uliolowa:
"Mama, ilikuwa saa tisa."
Tisa ya kwetu au ya kwao?
Akacheka, halafu hakucheka.

Kwenda, upepo husukuma mgongo wa ndege
kama mtu mwenye haraka nyuma yako mlangoni.
Nilikula chakula cha jioni, nikafumba macho,
nikaletewa chai ya asubuhi
juu ya maji nisiyoyaona.
Kwenye ramani, nyuma ya kiti cha mbele,
kindege cheupe, kikubwa kuliko Ireland nzima,
kilitambaa.

Siku kumi na moja.
Nilimwogesha, nikamkanda kwa mafuta ya nazi
yaliyoganda chupani kwa baridi,
na kila dakika mbili ndege ikapita juu ya paa
magurudumu nje. Mtoto hata hakushtuka.
Mimi ndiye niliyekuwa nashtuka,
nikijiuliza ipi ni yangu.

Kurudi, maili zilezile.
Rubani akatangaza mwendo wa karibu saa tisa: upepo uko usoni.
Nikasema afadhali.
Afadhali kuna kitu kinachozuia.

Leo London nao wamesogeza.
Nimepanda kitini, nimeishusha saa ukutani:
betri moja, vumbi, mende mkavu nyuma yake.
Nauzungusha mshale mrefu, polepole,
na katikati ya mzunguko mkono unasita.
Mtoto ana siku kumi na saba.
Sijui atafundishwa kuanza kuhesabu wapi,
jua linapochomoza
au usiku wa manane.