Rangi ya Gugumaji

Usinihimize, Nyar Seme.
Najua samaki wanangoja kwenye karai
na jua la Kibuye halina aibu.
Keti hapo, juu ya rimu ya lori,
sogeza sketi. Cheche ni chache lakini zina macho.

Unasema kijana wa ng'ambo ya barabara
hunoa visu vitatu nikiwa bado na kimoja,
na cheche zake huruka hadi kwenye mitumba.
Ni kweli. Cheche ni nzuri kutazama.
Lakini hukuja kununua fataki.

Sikwambii haraka haina baraka;
hilo uliambiwa shuleni ukalipita mbio.
Nakwambia habari za chuma:
kisu hiki kuna mtu alikichoma makusudi,
akakizamisha, akakipasha tena kidogo kidogo,
mpaka kikakubali kuwa kigumu bila ukaidi.
Ugumu huo umo ndani, hauonekani,
na jiwe langu linaweza kuufuta
kwa muda wa kupiga chafya.

Tazama makali yanapoanza kuchoka.
Kwanza hugeuka rangi ya bua kavu la mahindi.
Hapo bado tunaongea.
Kisha sukari guru.
Kisha zambarau, ile ya ua la gugumaji
linavyotambaa ghubani usiku mmoja
na wenye boti wakaamka hawana ziwa.
Kisha buluu.
Buluu ikishafika, usilete salamu za pole,
chuma kimesahau kila kilichofundishwa.

Na usidhani msasa utakiponya.
Rangi hutoka, kikang'aa ng'aring'ari,
ulaini ukabaki chini yake kama deni la marehemu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa
nilimchomea Nyangweso patasi yake.
Nilikuwa na foleni, nilikuwa na njaa,
jiwe limezibwa na vumbi la sufuria,
halikati tena, linasugua tu,
na mimi, badala ya kulikwangua, nikalikandamiza.
Kona ya patasi ikawa buluu. Kona huungua kwanza:
chembamba hakina pa kuweka joto lake.
Nikaipiga msasa. Nikamrudishia inameta. Nikachukua hela.

Alirudi baada ya siku nne.
Hakusema neno. Aliiweka hapa mezani,
makali yamekunjika kama ukingo wa chapati,
akaenda zake.
Ile pale, nimeipigilia juu ya swichi.
Hadi leo hupita upande ule mwingine, mbao begani,
na hadi leo mimi huzima mashine akipita.

Kwa hiyo siku hizi nalikwangua jiwe kabla ya chai.
Sivai glavu; kidole changu cha shahada
hukaa nyuma ya makali, kinapima.
Kikianza kulalamika nimeshachelewa,
ndiyo maana kopo hili la Kimbo lina maji
na kisu huoga kabla hakijaomba.
Naligusa jiwe kama unavyompima mtoto homa:
kidogo, uondoe mkono, kidogo tena.
Sipigi kambi mahali pamoja.
Ona tone hili nililoliweka mgongoni mwa kisu.
Likitetemeka, naacha.
Likikauka nikiwa bado nanoa, usinilipe.

Sasa nyamaza. Mara tatu za mwisho.

Haya, shika. Si mpini, shika bapa lenyewe.
Baridi, sivyo?
Baridi kama kilivyotoka kwenye karai lako.
Kinyoe malaika ya mkono wangu kama huamini.
Kisha hamsini yangu, Nyar Seme,
na ukimbie,
samaki wameanza kunisema.