Hana Umuhimu

Nilikuwa na adabu. Hilo liandikwe kwanza.
Nilianza kwa "Ndugu mhariri", nikamaliza kwa "wako katika kazi",
na katikati, baina ya salamu na salamu,
nikaacha maneno mawili kama misumari ndani ya kiatu:
Hana umuhimu.

Ilikuwa saa tano usiku, Buruburu,
tokeni za stima zimebaki nne nukta mbili,
jirani wa juu anaburuta kitu sakafuni.
Makala ilikuwa aya tatu, na kosa la tahajia katika ya pili:
Habakuki Wesonga, mchoraji wa kuta za maduka,
Shauri Moyo, Kamukunji, hadi Majengo;
aliyechora ng'ombe wa bucha wenye nyusi za watu;
aliyeandika "Mkopo amesafiri, hajaacha anwani";
aliyefariki bila mtu kumpiga picha akiwa na brashi.
Vyanzo: hakuna.
Au tuseme kimoja: "Waulize watu wa Burma."

Kamusi elezo haiwaulizi watu wa Burma.
Inauliza kitabu, gazeti, tarehe, ukurasa.
Kanuni hiyo nilisaidia kuitunga, na bado naiona nzuri:
bila hiyo kila mwenye mjomba angemjengea mnara,
na kila muuza dawa ya nguvu angejiita profesa.
Nikafuta.

Akairudisha kabla chai yangu haijapoa.
Nikafuta.
Akairudisha, akaongeza sentensi kuhusu mkewe Habakuki,
aliyemshikia ngazi miaka ishirini.
Nikafuta, nikamtumia onyo, lile lenye rangi ya machungwa.
Akaniita fisi.
Akaniita mfagio usiojua taka ni ipi na pete ni ipi.
Akaniita mengine, ambayo siruhusiwi kuyarudia,
ingawa moja lilikuwa na mizani nzuri.

Waamuzi watatu wakakaa.
Walisoma lugha yake, wakasoma yangu.
Yake ilikuwa na matusi kumi na moja.
Yangu ilikuwa na "tafadhali" saba.
Ya Habakuki hayakusomwa.
Wakamfungia mwezi mmoja.
Nikashukuru, kwa adabu.

Halafu mvua ikapiga siku nne mfululizo,
na shemeji akatangaza kuja, na nyama nzuri iko Burma.
Ukutani pa bucha, rangi ya kampuni ya simu ilikuwa imevimba,
inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemka,
na chini yake, jicho.
Jicho moja la ng'ombe, na juu yake unyusi,
mzito, umeinuliwa kidogo,
kama wa mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

Nikamuuliza mwenye bucha. Hakuacha kukata.
"Huyo ni mkono wa Weso. Alikufa akinidai mia nne.
Juzi nilimpelekea mjukuu wake, akazikataa.
Alitaka risiti tu. Yenye jina la babu, kazi aliyofanya, na tarehe.
Sijui ya nini.
Kilo moja au mbili?"

Mimi nilijua ya nini.
Na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa hili:
risiti ya bucha si chanzo huru.

Usiku ule nilifungua ukurasa wa majadiliano
nikayafuta yale maneno mawili.
Lakini kamusi yetu haijui kusahau. Bonyeza "historia" uone:
saa tano na dakika kumi na nane, jina langu, na maneno yangu,
mazima, makavu, chini ya rangi mpya.

Kifungo chake kimebaki siku tisa.
Barua nimeianza mara nne. Kila mara naandika "Ndugu"
halafu mkono unasimama, kwa sababu baada ya "Ndugu"
panatakiwa jina, na la kwake silijui.
Nililijua la babu yake,
nikalifuta.