Kilomita Themanini na Nne

Tanga hadi Pemba, dakika ishirini,
alisema karani Hidaya bila kuinua uso.
Upepo ukikubali, kumi na nane.
Akanipandisha mizanini na kikapu changu
mbele ya watu, kama gunia la nazi:
kilo sabini na mbili na nusu.
Usione haya, dada, ndege yenyewe ndogo,
rubani lazima ajue anabeba nini.

Haya sikuona. Nilishangaa tu
mizani ilivyousoma mkate wa kumimina,
doti mbili za kanga za wifi,
chupa ya dawa ya mgongo niliyonunua karibu na Bombo,
isilisome lile neno
nililomtupia Msellem sebuleni kwa marehemu mama,
arobaini haijafika,
kwa ajili ya mikarafuu tisa
na kisima kilichokwisha kauka.

Miaka kumi na moja.

Bodaboda kutoka Barabara ya Kumi na Tatu
ilitumia nusu saa kunifikisha uwanjani;
tulisimama kuziba pancha.
Maharage yangu huchukua saa mbili jikoni.
Foleni ya Bombo, usiniulize.

Rubani, kijana wa miwani, aligeuka kitini
akatuhesabu kwa kidole, kumi na mmoja,
akasema fungeni mikanda
kwa mdomo wake tu, kama mtu anayekaribisha chai.

Tulipopanda nikaiona Tanga yote kwa mara moja:
mabehewa yamelala stesheni,
mkonge umechanwa kwa kitana,
bati la kijani, huenda langu, huenda la jirani
anayedai ukuta wangu umeingia kwake.
Kutoka juu ukuta hauonekani.
Kisha Yambe. Kisha maji.

Nyuma ya tiketi nikapiga hesabu:
themanini na nne, gawanya kwa kumi na moja,
kilomita saba na kitu kwa mwaka.
Konokono angenipita.

Dakika ya tano nikatunga: *Nisamehe, kaka.*
Dakika ya tisa nikaongeza: *lakini na wewe.*
Ya kumi na mbili nikafuta *lakini*.
Ya kumi na tatu nikairudisha.
Mtoto wa shule kiti cha pili akanipa pipi ya tangawizi,
akasema inazuia kichefuchefu.
Nikamshukuru. Kichefuchefu changu hakikuwa cha ndege.

Pipi haijayeyuka, magurudumu yakagusa.
Nilitaka kumwambia rubani azunguke tena,
mara moja tu, sijamaliza.

Msellem alikuwa kwenye kivuli cha mlango,
mwavuli mkononi na wingu hakuna,
mguu mmoja anauburuta. Huo sikuambiwa.
Akakipokea kikapu, akakipima kwa mkono,
akanitazama kama anayesoma namba ndogo.

"Pole na safari," akasema.

Nikaangalia saa. Dakika kumi na tisa.

"Nishapoa," nikamjibu,
na sauti haikutoka vizuri,
ikabidi nirudie.