Kazi ya Kutowaka

Mwalimu Rimgaudas wa fizikia kaileta mgongoni,
kwenye mkoba wa viazi: jenereta ya mawimbi,
bati la kijivu, kilo kumi na moja, imenizidi umri.
"Inapumua," akasema. Nikacheka. Nikaiwasha.

Kweli inapumua.
Kwenye kioo cha oskiloskopu wimbi linajaa, linasinyaa,
volti mbili, nusu volti, volti mbili,
kama kifua cha mtu aliyelala na jambo.
Masafa hayatikisiki: elfu moja kwa sekunde.
Ni kimo tu kilichokosa mwenyewe.

Nje ni Kaunas, Februari. Basi la umeme limekwama mlimani.

Nikaanza na mshukiwa wa siku zote, kitasa cha kimo:
kinakwaruza, nikakipulizia dawa. Bado.
Nikapima ugavi wa umeme: hauna hatia.
Nikang'oa kapasita tatu zilizovuja jasho, nikatia mpya,
nikajipongeza kwa chai.
Bado.
Transista ya mwisho niliionea bure;
ilitoka nzima, ikarudi na kovu la lehemu.

Saa tano usiku ndipo nikausoma mchoro kama barua,
polepole, nikafika kwenye balbu.

Ndiyo, balbu. Inatakiwa iwe ndogo kama punje ya mchele,
na haiwekwi humo immulike mtu.
Wimbi likizidi, uzi wake hupata joto, hukaza, huzuia;
likipungua, hupoa, hulegeza.
Kazi yake yote ni kutowaka.

Na hapa kuna mtu katia balbu ya taa ya baiskeli.
Lehemu safi, ya mviringo, inang'aa. Mkono naujua:
Gintautas, aliyenifunza kazi kwenye meza hii hii,
miaka ile ya maduka matupu, akaziba kwa alichonacho.
Uzi mnene, mzito wa kupoa,
unachelewa kuzuia, unachelewa kuachia.
Wanafunzi wangapi walidhani wimbi ndivyo lilivyo?

Balbu sahihi nilikuwa nayo moja, kwenye kopo la vifungo vya shati.
Nikailehemu.
Wimbi likatetema mara mbili, likatulia.
Volti mbili. Nikangoja. Volti mbili.

Ile ya baiskeli sikuitupa, mzee.
Nimeiunga na betri, iko dirishani,
inawaka.